Unatafuta laptop nyepesi ya bei nafuu Arusha? Angalia haya kabla hujatoa pesa

Anayeishi Ngarenaro na kusoma Chuo cha Uhasibu (IAA) kule Njiro, au kufanya kazi Tengeru, anabeba laptop yake kila siku. Anatembea mpaka kituoni, anabanana kwenye daladala, anashuka, anatembea tena. Laptop ya kilo mbili na nusu pamoja na chaja yake si mchezo. Ndiyo maana wengi wanaulizia nyembamba na nyepesi.

Shida ni kwamba mpya zenye sifa hizo bei zake zinatisha. Na za bei ya chini, nyingi zina kasoro ambayo huioni ukiwa dukani. Unaiona baada ya miezi mitatu, pesa ishaenda.

Hapa chini ni mambo ya kuangalia, ukianza na lile linalowaponza wengi kwa sasa.

Windows 10 imeshaachwa

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama. Watumiaji binafsi waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja tu, hadi 13 Oktoba 2026. Kompyuta haizimiki, inaendelea kuwaka kama kawaida. Lakini mashimo mapya ya usalama yanayogundulika hayazibwi tena, na kadiri siku zinavyokwenda programu mpya zinaanza kuikataa.

Inayofuata ni Windows 11, ila yenyewe haipokei kila mashine. Inataka RAM ya 4GB au zaidi, hifadhi ya 64GB au zaidi, kichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel Core, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8.

Kwa hiyo laptop za kizazi cha 4, 5, 6 na 7, ambazo ndizo zilizokuwa zikisifiwa kwa bei nafuu, sasa zimebaki nje. Ukiona bei imeshuka sana, jiulize kwanza kama sababu si hiyo.

Kuona Windows 11 hakutoshi

Muuzaji anaweza kuiwasha ukaona Windows 11 inang'aa vizuri. Usifurahi mapema. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 kuingia kwenye mashine ya zamani kwa kuruka vile vizuizi. Itafanya kazi, lakini Microsoft yenyewe inasema mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho.

Kinachosema kweli ni namba ya prosesa. Fungua Settings, kisha System, kisha About. Soma mstari wa prosesa:

- i5-6300U: tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6. Hicho ni kizazi cha 6. Achana nayo kama unataka Windows 11.
- i5-8250U au i5-8350U: inaanza na 8. Hicho ni kizazi cha 8. Inakubalika.
- i5-10210U: tarakimu ziko tano, inaanza na 10. Kizazi cha 10.
- i5-1135G7: inaanza na 11. Kizazi cha 11.

Angalia pia usidanganywe na "i7". Core i7 ya kizazi cha 4 ni ya zamani kuliko i5 ya kizazi cha 8, na kwa kazi nyingi inaachwa mbali. Stika iliyobandikwa juu nayo si ushahidi. Stika inabanduliwa na kubandikwa nyingine.

Mpya ya bei rahisi au used ya ofisini?

Hapa ndipo maamuzi yalipo. Ukiwa na pesa ya kawaida una njia mbili.

Njia ya kwanza ni laptop mpya ya daraja la chini. Ni nyepesi, ina boksi lake na warranti. Ila ukisoma ndani unakuta prosesa ya Celeron, RAM ya 4GB na hifadhi ya eMMC ya 64GB. Windows yenyewe inakula sehemu kubwa ya hizo 64GB. Baada ya masasisho mawili matatu nafasi imeisha, na hifadhi ya eMMC imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuitoa uweke kubwa zaidi.

Njia ya pili ni laptop iliyotumika, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi. Makampuni ya nje huzinunua kwa wingi, huzitumia miaka kadhaa kisha huziuza, na nyingine ndizo hizo zinazotufikia. Zilitengenezwa imara: bawaba ngumu, kibodi nzuri, na nyingi zinafunguka chini kwa skrubu ili fundi abadilishe betri au hifadhi.

Kwa mwanafunzi au mfanyakazi wa kawaida, used ya ofisini ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye RAM ya 8GB na SSD, inampa kazi zaidi kwa pesa ileile kuliko mpya ya Celeron. Mpya ya daraja la chini inafaa kwa mtu wa kuandika, kusoma PDF na kuingia mtandaoni tu, ambaye warranti ndiyo inampa usingizi.

Utakutana pia na Chromebook, ndogo, nyepesi na za bei ya kuvutia. Zinatumia mfumo wa Google, si Windows. Programu za Windows kama SPSS au AutoCAD ya kompyuta huwezi kuziweka humo. Vilevile kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho, na za zamani nyingi tarehe hiyo imeshapita.

Nyepesi ni kilo ngapi?

Kwa kubeba kila siku, tafuta isiyozidi kilo 1.5. Hizi zinajulikana kwa wepesi (uzito ni wa takriban, hutofautiana kidogo kulingana na betri na kioo):

- Dell Latitude 7290, inchi 12.5: kilo 1.2
- Lenovo ThinkPad X280, inchi 12.5: kilo 1.2
- HP EliteBook 830 G5, inchi 13.3: kilo 1.3
- Lenovo ThinkPad T480s, inchi 14: kilo 1.3
- HP EliteBook 840 G5, inchi 14: kilo 1.5

Hata kwenye hizi, soma namba ya prosesa, maana baadhi ya modeli zilitoka na kizazi cha 7 na cha 8 kwa jina lilelile.

Kila moja ina yake. ThinkPad X280 RAM yake imechomelewa, ukinunua ya 4GB utakaa na 4GB mpaka mwisho. EliteBook 840 G5 ina nafasi mbili za RAM, unaweza kuongeza baadaye ukipata pesa. Zile za inchi 12.5 ni tamu kubeba, ila kwa mtu wa kushinda kwenye Excel siku nzima kioo kinambana. Muulize muuzaji pia ubora wa kioo: 1920 kwa 1080 ni bora kuliko 1366 kwa 768.

Usisahau chaja. Chaja nzito inakurudishia uzito uliouepuka. Mashine inayochaji kwa USB-C inakupa unafuu, kwa sababu chaja ndogo ya USB-C yenye wati 45 au 65 inatosha nyingi kati ya hizi.

Kazi yako inataka nini?

- Kuandika, PowerPoint, PDF, Zoom: RAM 8GB, SSD 128GB inatosha, 256GB ni raha.
- Uhasibu, Excel kubwa, SPSS: RAM 8GB, SSD 256GB.
- AutoCAD, kwa mfano kwa wanafunzi wa uhandisi: 8GB ndiyo pa kuanzia, 16GB ndiyo ya kufanyia kazi kwa amani. Hapa wepesi usiwe kigezo cha kwanza.

Hifadhi iwe SSD, si hadi diski ya zamani inayozunguka. SSD inawasha mashine kwa haraka, na haina sehemu inayozunguka ndani, kwa hiyo inavumilia mitikisiko ya daladala na bodaboda.

Dakika ishirini za kupima dukani

Usione aibu. Sema tu kwa upole: "Kaka, naomba niipime kidogo kabla sijalipa." Muuzaji mwenye mali safi hatakuzuia. Akianza kukuharakisha kwamba kuna mteja mwingine njiani, mwache auze kwa huyo mteja.

1. Chomoa chaja, kisha iwashe. Ikigoma bila chaja, betri imekufa.

2. Pima betri. Fungua CMD, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuonyesha faili ilipohifadhiwa. Lifungue, utafute namba mbili: Design Capacity (uwezo ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wa sasa). Kama mpya ilikuwa 50,000 na sasa ni 30,000, imebaki asilimia 60. Chini ya hapo, toa gharama ya betri mpya kwenye bei. Siku umeme ukikatika ukiwa na kazi ya kukabidhi, utaelewa kwa nini.

3. Fungua Notepad, bonyeza kila herufi na kila namba.

4. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo. Angalia madoa, mistari na pembe zenye giza.

5. Washa hotspot ya simu yako, iunganishe, cheza video dakika kumi. Unapima Wi-Fi, spika na joto kwa mkupuo. Feni ikipiga kelele kama mashine ya kusaga, ndani kuna vumbi au kuna tatizo.

6. Chomeka flash kwenye kila tundu. Jaribu kamera na maiki.

7. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa. Bawaba iliyolegea huanza kuchana kava, mwisho inakata waya wa kioo.

8. Angalia chaja. Kwa Dell, mashine isipoitambua chaja inatoa onyo, na inaweza kukataa kuchaji betri au kupunguza mwendo.

Kufuli lililofichika

Laptop za ofisini zina hatari moja ambayo simu za mkononi zimeshatufundisha: kufuli la mwenye mali wa kwanza.

Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza F10 (HP), F2 (Dell) au F1 (ThinkPad). Hapo unaingia kwenye BIOS. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, usinunue. Siku ukitaka kubadilisha mfumo utakwama.

Kufuli jingine linajitokeza pale Windows inapowekwa upya. Ikishaunganishwa na intaneti, inadai uingie kwa akaunti ya kampuni fulani. Maana yake bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo. Mwombe muuzaji aiweke upya mbele yako, au mkubaliane kwa maandishi kwamba tatizo hilo likitokea unarudisha.

Linganisha pia namba ya mashine iliyoandikwa chini yake (kwa Dell inaitwa Service Tag) na ile inayosomeka kwenye BIOS. Zikipishana, au ile ya chini imekwanguliwa, ondoka. Kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kujua ni kosa la jinai, na "niliuziwa mtaani" ni utetezi dhaifu.

Dai risiti ya EFD yenye tarehe, na waandike modeli, namba ya mashine na muda wa warranti. Ahadi ya mdomo ya "ikisumbua nirudie" haina pa kushikia duka likihama.

Gawanya pesa yako

Tuseme una shilingi 600,000, iwe ni akiba, mshahara au boom. Usiimalizie yote kwenye mashine. Tenga angalau 60,000 kwa ajili ya begi lenye sponji na lisilopitisha mvua, flash ya kutunzia nakala za kazi zako, na dharura ya chaja. Kama betri imechoka, bei yake itoke kwenye hiyo 540,000 iliyobaki, si juu yake.

Na kama pesa inatosha mashine ya kizazi cha 6 tu? Bado kuna njia. Weka Linux Mint au Ubuntu, ni bure na zinaendelea kupata masasisho. LibreOffice, nayo ya bure, inafungua faili za Word na Excel. Ila hakikisha kwanza chuo au ofisi yako hailazimishi programu ya Windows pekee.

Kwa ufupi, hifadhi hii kwenye simu

- Prosesa: Intel kizazi cha 8 au zaidi
- RAM 8GB, SSD 256GB
- Uzito usiozidi kilo 1.5, na chaja uipime pia
- Betri asilimia 60 au zaidi, la sivyo bei ishuke
- BIOS haina neno la siri, namba za mashine zinalingana
- Risiti ya EFD na warranti kwa maandishi

Ikikosa sharti la kwanza au la tano, hata bei iwe tamu vipi, rudisha mezani uendelee na duka linalofuata. Mjini hapa maduka hayajaisha.