Fanani Aliyefunikwa: Tarihi ya Pate katika Majalada ya Wakusanyaji

Katika historia ya fasihi ya Kiswahili, mkusanyaji amekalishwa mara nyingi katika kiti cha mtunzi. Tarihi ya Pate ni mfano bayana wa kadhia hii. Wahakiki wamezoea kuzungumzia matini ya Stigand, ya Werner au ya Heepe, ilhali hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeitunga.

Yasimuliwa kwamba kitabu asilia cha tarihi hiyo kiliangamia mwaka 1890, majeshi ya Uingereza yalipouteketeza mji wa Witu, ambako ukoo wa Wanabahani ulikuwa umehamia baada ya kubanwa na Masultani wa Unguja. Kilichosalia ni kumbukumbu, nayo ilikuwa na mwenyewe: Muhammad bin Fumo Omar al-Nabahani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, aliyeipokea kwa babu yake, Bwana Simba. C. H. Stigand, askari na mwindaji asiyekuwa na taaluma ya historia wala akiolojia, aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913 katika The Land of Zinj, pamoja na maelezo yake kuhusu miji ya pwani. Alice Werner, mtafiti wa lugha na visasili aliyezuru pwani kati ya 1911 na 1913, alitoa matini ya Kiswahili na tafsiri yake mwaka 1914 na 1915. M. Heepe alitoa nyingine Berlin mwaka 1928. Miswada minne iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihaririwa na Marina Tolmacheva mwaka 1993. Ulinganishaji wa matini hizi waonyesha kuwa karibu zote zina chimbuko moja, nalo ni Bwana Kitini.

Ikiwa hivyo ndivyo, tofauti zilizomo hazifai kuhesabiwa kuwa makosa ya wanakili tu. Baadhi yake ni dalili za fanani mmoja anayesimulia mara kadhaa, kwa hadhira tofauti. Kuwania kuiunda upya nakala iliyoungua ni kuipuuza sanaa iliyopo.

Sanaa hiyo yajidhihirisha tangu mwanzo. Mnabahani wa kwanza afika Pate mwaka 600 wa Hijra, yaani karibu 1203, amwoa binti wa mtawala wa Kibatawi, na baada ya siku saba za harusi akabidhiwa ufalme na mkwewe. Mamlaka yahama kupitia fungate, pasipo upanga. Mgeni apata uhalali, na mwenyeji habaki mshinde. Vivyo hivyo, mfalme Omari asemwa kuitamalaki pwani yote isipokuwa Unguja, kwa kuwa wakati huo Unguja haikuwa na sifa. Kauli hiyo, ikitamkwa na Mnabahani ambaye ukoo wake ulikuwa umepokonywa Pate na Unguja hiyo hiyo, ni kejeli iliyokomaa. Msikilizaji wa Lamu hakuhitaji kufafanuliwa.

Wanaakiolojia nao waliipima tarihi kwa mizani yao. Mwaka 1969 Neville Chittick alitilia shaka ukuu wa Pate katika karne za mwanzo zinazotajwa. Uchimbaji wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997, ulionyesha kuwa mji huo ni wa kale kuliko alivyokadiria Chittick. Mjadala huo una manufaa makubwa, lakini una mipaka. Vigae huweza kueleza ukuta ulijengwa lini. Haviwezi kueleza kwa nini mzee aliyepoteza dola aliusimulia ukuta huo kama alivyousimulia.

Bila Stigand na wenzake huenda sauti hiyo ingalizimika, na stahili yao haikanushiki. Hata hivyo, kuhifadhi si kutunga. Maadamu orodha za maktaba zaendelea kuipanga miswada kwa majina ya waliokusanya, mwanafunzi wa fasihi ataendelea kumtafuta Bwana Kitini katika tanbihi za watu wengine. Uhakiki wa haki hauna budi kuanza kwa kumrejeshea jina lake juu ya ukurasa.