Masomo ya Masikio Yaliyoipita Kamina

Kabla reli haijafika Kamina, katika jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo, Waluba walikuwa na ubao wa mbao uitwao lukasa. Unashikika kwa mkono mmoja, umejaa shanga na makombe, na si kila mtu aliruhusiwa kuusoma. Kazi hiyo ilikuwa ya watu wa chama cha Mbudye. Mzee alipitisha kidole juu ya shanga huku akisimulia jinsi wafalme walivyofuatana, njia walizopita na miiko ya utawala. Mwanafunzi alisikiliza, akarudia, akasahihishwa. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts waliueleza ubao huo kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1996 kuhusu sanaa na kumbukumbu za Waluba, na leo makumbusho ya Ulaya na Marekani yameuweka nyuma ya vioo, mahali ambapo hakuna anayeugusa wala kuusimulia.

Naanza na ubao huo kwa makusudi. Wanaoandika historia ya podikasti huanzia mwaka 2004, pale Ben Hammersley alipolitumia jina hilo katika gazeti la The Guardian la Uingereza. Kwa muziki na porojo, sawa. Lakini ukiuliza lini watu walianza kufundishwa na sauti, bila daftari wala ubao wa chaki, na nani aliketi karibu nao wakati wakisikiliza, huku kwetu Haut-Lomami jibu ni la zamani zaidi.

Reli iliyounganisha Bukama na Ilebo ilifunguliwa mwaka 1928, ikaifanya Kamina kuwa mji. Mwaka 1956 likaongezwa tawi la kwenda Kabalo, na kutoka huko treni huendelea hadi Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Reli ilileta makarani, mafundi na walimu kutoka pande nyingi, na Kiswahili kikakaa mjini pamoja na Kiluba. Redio nayo ilikuja katika miaka hiyohiyo, ila ilianzia mbali, Kinshasa, ambako Wajesuiti wa Collège Albert walianzisha Radio Léo mwaka 1937. Matangazo ya Radio Congo Belge kwa ajili ya Waafrika yalianza mwaka 1949, katika lugha za nchi, Kiswahili kikiwemo. Katika mitaa ya Waafrika vipaza sauti viliwekwa hadharani na watu wakakusanyika. Walisikia muziki, habari, na mawaidha ya usafi na adabu. Mengi katika mawaidha hayo yalikuwa elimu ya utiifu: mtawala wa kikoloni alichagua somo, na msikilizaji hakuwa na namna ya kuuliza swali.

Namna ya kuuliza ilipatikana ng’ambo ya ziwa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, kwa Kiswahili, kwa wiki 12. Kabla yake zilikuwepo kampeni ndogo, kama ile ya uchaguzi wa mwaka 1970 na ile ya miaka kumi ya uhuru, lakini hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vijitabu na vipindi vya redio kuhusu malaria, kichocho, kuhara na vyoo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa. Watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 walikutana vikundi vikundi, wakasikiliza, wakafungua kijitabu, wakajadili, kisha wakakubaliana jambo la kufanya kijijini: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kusafisha kisima.

Ukiuliza nini kiliibeba kampeni ile, wengi watakutajia redio. Mimi naitaja ile hesabu ya viongozi 75,000. Redio ilisema na kunyamaza, na baada ya hapo kazi ikawa ya jirani anayejua kusoma, aliyeketi na wenzake chini ya mwembe na kuwauliza: haya, sisi hapa tufanye nini?

Wataalamu wa ufundishaji walikuwa wakilifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza kufundisha hesabu kwa redio katika shule za Nicaragua. Siri yao ilikuwa kimya. Sauti iliuliza tatu jumlisha nne ni ngapi, ikanyamaza kidogo, darasa zima likajibu kwa pamoja, ndipo redio ikatoa jibu sahihi. Katika somo moja mtoto alijibu mara nyingi sana kuliko anavyopata nafasi ya kujibu katika darasa lenye wanafunzi sitini. Mbinu ile ikahamia Kenya kati ya 1980 na 1985, ikafundisha Kiingereza kwa darasa la kwanza hadi la tatu, nusu saa kila siku ya shule, Taasisi ya Elimu ya Kenya ikishiriki. Watoto waliofuata vipindi walifanya vizuri kuliko wenzao katika kusikiliza na kusoma. Hata hivyo mradi ulipofika mwisho haukuenea kwa shule zote za Kenya, na Lesotho ndiyo iliyochukua masomo yale na kuyatumia. Utaukuta mwisho wa namna hii kila mahali katika historia hii: matokeo mazuri, ripoti nzuri, kisha mfadhili anafunga mizigo.

Zanzibar ilipata zamu yake kati ya 2006 na 2009. Kipindi cha Tucheze Tujifunze kiliwafikia watoto wa Unguja na Pemba ambao hawakuwa na shule ya awali karibu. Waliimba, walihesabu na waliruka kwa kufuata redio, lakini mbele yao alisimama mtu mzima wa mtaa wao.

Kongo nayo je? Miaka ya 1990 serikali ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, iliacha kuwalipa walimu mishahara ya maana, na wazazi wakaubeba mzigo ule. Wazazi wa Kamina wanakumbuka vizuri michango hiyo, hadi elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa Septemba 2019. Katika hali ile, mafunzo ya walimu kazini yalikuwa anasa. Mradi mkubwa wa masomo ya sauti uliokuja baadaye, PAQUED, uliendeshwa kati ya 2009 na 2014 kwa fedha za Marekani, ukafundisha Kifaransa na hesabu kwa mbinu ileile ya kuuliza na kunyamaza. Ulikwenda majimbo ya Équateur, Bandundu na Orientale. Katanga, jimbo letu la wakati huo, haikuwemo, kwa hiyo Kamina haikuwemo.

Kilichoifikia Kamina ni kile kilichopita hewani bila mtu kuulizwa. Radio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002, ilileta habari kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Deutsche Welle ya Ujerumani ilianza mwaka 2008 michezo ya kuelimisha vijana, na toleo la Kiswahili likaitwa Noa Bongo! Jenga Maisha Yako. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo podikasti ya elimu ya kwanza iliyotungwa ikimfikiria kijana wa eneo letu: hadithi kuhusu afya, siasa, kompyuta na kazi, vipindi vifupi vinavyofuatana, vilivyorushwa na redio ndogo na vilivyoweza kupakuliwa na kuhifadhiwa.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya Korona, na Radio Okapi ikarusha masomo yaliyoitwa Okapi École pamoja na wizara ya elimu. Ilikuwa kazi ya haraka na ya heshima. Lakini hebu fikiria mtoto wa darasa la tatu wa mtaa wa pembeni mwa Kamina, mama yupo sokoni, betri imebaki kidogo, somo linapita mara moja tu. Mwalimu naye yuko kwake. Pengo ambalo Tanzania ililiziba kwa viongozi wa vikundi, hapa hakuna aliyeliziba.

Podikasti ina ubora mmoja ambao redio ya zamani haikuwa nao: haipiti. Mwalimu anaweza kuirudisha nyuma, kuisimamisha, kumpa mwenzake. Intaneti ni ghali na umeme ni wa bahati nasibu, lakini vijana wanaouza nyimbo mjini huzipakia kwenye memori kadi na simu ndogo za wateja, na faili la somo lina uzito uleule wa wimbo. Treni inayokwenda Kabongo au Bukama inaweza kubeba masomo ya mwaka mzima ndani ya mfuko wa shati la direkta wa shule.

Mahali pa kuyasikiliza pia papo. Shule za Kongo zina vikao vya walimu viitwavyo unite pedagojike, ambapo mwalimu mmoja hufundisha somo la mfano na wenzake humkosoa. Weka simu moja mezani pale, sikilizeni dakika kumi na tano za mwalimu hodari akieleza namna anavyofundisha kugawanya au kusoma silabi, simamisheni, bishaneni. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataka lugha za taifa na za mahali zitumike kufundishia watoto wadogo. Kiluba cha Kamina si Tshiluba cha Kasai, kwa hiyo hakuna atakayetuletea masomo hayo tayari kutoka Mbuji-Mayi, sembuse Kinshasa.

Basi ombi ni kwa ofisi ya elimu ya jimbo, kwa makanisa yenye shule na redio, na kwa maenspekta: wapo walimu wastaafu mjini waliofundisha miaka thelathini na zaidi. Warekodini sasa, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, na nakala zibaki Kamina.