Nani Alikuambia Sisi ni Wageni wa Mjini?

Wiki mbili zilizopita nilidanganya. Tulikuwa watu sita kwenye jumba moja la maduka kule Nyali, Mombasa, ile ghorofa ya juu wanapouza vyakula, kila mtu simu yake ameielekezea sahani. Dada mmoja ambaye tulikuwa tumejuana siku hiyo hiyo akaniuliza, "Kwani wewe kwenu wapi?" Nikasema Malindi.

Kwetu si Malindi. Malindi ni pale basi letu linasimama watu wanunue maji na kwenda msalani. Kwetu ni Kilelengwani, Tana Delta, eneo bunge la Garsen. Andika hilo jina kwenye simu yako sasa hivi uone utaletewa nini. Utaletewa tarehe 10 Septemba 2012, na watu zaidi ya 30 waliouawa, polisi wakiwemo. Nilikuwa mtoto. Sitaieleza hapa, waliokuwepo wanaijua na hawahitaji mimi niwasimulie. Ninachosema ni kwamba intaneti inatujua kwa siku moja tu, na mimi sikutaka siku hiyo ije ikae na sisi pale mezani kando ya chipsi masala.

Lakini niwe mkweli, hiyo ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa aibu ya kawaida. Nilikuwa nimepanda zile ngazi za umeme nimeshika reli kama mtu anavuka Tana kwa mtumbwi mwezi wa mafuriko. Askari wa mlangoni alikagua mkoba wangu mara mbili, wa wenzangu mara moja. Halafu mmoja wetu akatoa utani kuhusu watu wa "huko ndani" wakifika mjini wanavyoshangaa lifti, na wote wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao. Hicho kicheko ndicho kilinikosesha usingizi.

Usiku huo nikaanza kusoma, nikasoma mpaka bando likaisha. Na sasa nina la kusema.

Kama tunaongea habari ya kununua vitu, kula raha, kuchagua kitu cha ng'ambo na kukikataa kwa sababu rangi si yenyewe, watu wa upande wetu hawakuanza jana. Nairobi mwaka 1899 ilikuwa kambi ya reli kwenye kinamasi. Upande wa Kipini, huko huko delta, kuna magofu ya mji unaoitwa Ungwana. Una msikiti wake wa Ijumaa na makaburi yake, na ulikuwa na watu kabla Wareno hawajaijua hii bahari. James Kirkman alichimba pale miaka ya 1950, kitabu chake kikatoka 1966. Walichokuta ardhini ni shanga za kioo, vyombo vya kung'aa kutoka nchi za Kiislamu, na vipande vya sahani za China. Sahani za China, jamani, Tana Delta! Mtu aliketi pale na mlo wake kwenye sahani iliyovuka bahari nzima, na nina hakika kuna jirani alikuja kuishangaa.

Hata hii tabia ya kupiga picha chakula ina mzee wake. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331, na alipofika Mogadishu ukimsoma utadhani ni mwenzetu wa TikTok. Anakueleza wali umewekwa samli, mchuzi wa kuku na nyama na samaki na mboga juu yake, ndizi zimepikwa kwa maziwa, halafu maziwa ya mgando na achari ya ndimu na tangawizi na embe. Karibu miaka 700 imepita na bado nikiisoma nasikia njaa. Mombasa alilala usiku mmoja tu, akatuachia habari za ndizi, samaki na misikiti ya mbao. Hakutupa nyota nyingi.

Lakini stori iliyonishika zaidi ni ya merikani. Wazee wetu wote wanalijua hilo neno: kitambaa cha pamba kisichopaushwa, rangi kama ya mchanga. Jina linatokana na Marekani yenyewe. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said wa Oman na Zanzibar walitia sahihi mkataba wa biashara, na meli nyingi zilizokuja zilitoka mji mdogo wa Salem, Massachusetts. Zilileta kitambaa, zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sasa sikiliza. Watu wa huku walikipenda hicho kitambaa kwa sababu zao: uzito wake, nguvu yake, kinavyofuliwa. Waingereza wakaona biashara, wakaleta cha kwao cha kuiga. Wanunuzi wakakishika kwa vidole, wakakirudisha. Feki, kwa lugha ya leo. Wenye mitambo ng'ambo ikabidi wajifunze sisi tunataka nini. Ilipoingia vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika, na baadaye viwanda vya Bombay vikaingia kwenye hilo pengo.

Shanga zilikuwa balaa zaidi. Richard Burton, aliyeenda bara mwaka 1857, analalamika kwa kurasa na kurasa: aina zilikuwa nyingi mno, kila sehemu na rangi yake, na fasheni ikibadilika kabla msafara haujafika, mzigo wako wote ni takataka. Mzungu na mali yake amekwama njiani kwa sababu kuna msichana kijijini amesema hiyo rangi imepitwa na wakati. Huyo msichana hakuna aliyeandika jina lake, lakini ningependa sana kumfolo.

Na pembe je? Ziliposhuka kutoka bara, zikiwemo za bonde la Tana zilizopitia Lamu, nyingi ziliishia kule kule Marekani. Viwandani Connecticut zilikatwa vipande vyembamba vya funguo za piano. Nyingine zilichongwa mipira ya biliadi. Kila nikipita Garsen naona vijana wamezunguka meza ya pool chini ya bati, na siku hizi nawaza: starehe ya sebuleni kwa tajiri wa New York ilitoka kwa ndovu wa huku, na leo mchezo umeturudia na mipira ya plastiki, shilingi 20 gemu moja.

Najua kuna mtu atasema najipaka mafuta. Haya, tuseme yote. Hizo pembe zilibebwa na watu, na wengi wao hawakuwa huru. Wapo waliouzwa wenyewe, wakalima mashamba ya pwani yetu. Sahani nzuri ya China haikuwa ya kila mtu. Ndiyo maana Witu, kilomita chache tu kutoka kwetu, ilijaa watoro waliokimbia mabwana zao kabla Waingereza hawajauchoma ule mji mwaka 1890.

Hapa ndipo nguo inarudi kwenye hadithi. Kufikia mwisho wa karne hiyo, merikani na kaniki zilikuwa zimeshakuwa vazi la mtumwa na la maskini. Utumwa ukakatazwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na huku pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake wengi walioachiwa huru walifanya nini? Walizivua zile nguo, wakanunua leso. Leso zenye rangi, mpya, mtindo wa juu kabisa. Inasimuliwa kwamba leso yenyewe ilianza kwa vitambaa vya mkono vya Kireno vilivyoungwa sita pamoja. Waungwana wa mjini walikasirika kuona mtu aliyekuwa mtumwa jana leo amependeza kuwashinda. Wale kina mama hawakuwa wanafuata tu fasheni. Walikuwa wanatembea barabarani wakisema mimi ni mtu wa hapa, nitazame. Sasa nikimkumbuka yule askari aliyerudia mkoba wangu, naona swali lake ni la zamani sana: wewe una haki ya kuingia hapa?

Kwa hivyo tukiambiwa eti kununua na kujipamba ni ushamba wa vijana wa leo, mimi sikubali moja kwa moja. Kuna upuuzi ndani yake, ndiyo. Juisi ya 450 ni upuuzi, na ile jioni nilikopa kwa simu ndipo nikailipa, na ilikuwa ya maembe ambayo kwetu yanaozea chini ya miti. Lakini kutaka kuonekana unafaa kukaa mahali, hilo siwezi kulicheka tena.

Jumapili iliyofuata tukakutana tena, safari hii Mama Ngina, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa bado mbali. Mimi Mama Ngina ndiyo napenda kuliko mahali pote Mombasa. Walipapamba upya, Mashujaa ya 2019 ikafanyiwa pale, lakini utamu wake ni ule ule: mibuyu, upepo, meli inaingia Kilindini kubwa kama mtaa, na mama anakukatia muhogo wa moto, anautia pilipili na ndimu. Unaketi ukutani masaa matatu na hakuna wa kukuuliza umenunua nini.

Yule dada akaniuliza, "Malindi sehemu gani? Nina shangazi pale." Nikamwambia nilidanganya, kwetu Kilelengwani.

Akatafuna muhogo. "Ndiyo wapi?"

Hakuwahi kulisikia. Mimi nimelibeba hilo jina kama mzigo wa kuni, kumbe yeye hata hajui liko kaunti gani. Nikaanza kumweleza kuanzia Garsen, mto, mpunga, ng'ombe, halafu Ungwana. Alitaka kujua kama mtu anaweza kwenda kuona hizo sahani.

Kesho yake nikashuka Biashara Street nikamnunulia mama leso, nikaituma kwa basi. Mama anauza maziwa, hajawahi kukanyaga jumba la maduka. Alinipigia jioni. Hakusema asante kwanza. Alisema ameifikicha, ameilowesha kona, ameinusa.

"Hii si pamba, mwanangu. Wamekuona mgeni. Nairudisha na dereva kesho, uipeleke, na usikubali ya rangi hii."

Imefika leo saa nne. Risiti ninayo.