Kunguru Mgeni, Kanga Mwenyeji

Msomaji kijana, hebu nitajie ndege watano wa mtaani kwenu. Kuku hahesabiwi! Swali hilo niliwauliza wanafunzi wa kidato cha pili ninaowafundisha historia hapa Dar es Salaam. Wengi waliishia kwa kunguru na njiwa. Waliobaki wote, eti, ni “ndege tu”.

Basi tukaanza na huyo kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu anayetuibia maandazi dirishani si wa hapa. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, Waingereza wakiwa wameshaishika Zanzibar, ili ale takataka za mji. Takataka alikula kweli, ila alikula pia mayai na makinda ya ndege wadogo, kisha akaenea hadi Mombasa na Dar es Salaam. Kunguru wetu wa asili yupo bado, mweusi mwenye kifua cheupe kama kavaa fulana. Jina lilikuwa lake kabla mgeni hajatua. Lakini mwambie leo mtoto wa Kariakoo achore kunguru, uone atamchora yupi.

Habari ya kanga ni kinyume chake. Huyu ni ndege mwenyeji, mwenye madoa meupe mwili mzima, na wazee wa Pwani husimulia kwamba vitambaa vya kwanza vya madoadoa viliitwa kwa jina lake, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kitambaa chenyewe kilitoka nje, kikichapwa Ulaya na India. Wanawake wa Pwani ndio waliochagua kipi kinapendeza na kipi kibaki dukani, na baadaye kikaandikwa maneno ya kwao. Sina subira na wanaoandika “utamaduni wetu” kana kwamba uliota wenyewe chini ya mnazi. Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Huyu wa kitambaa alizaliwa ugenini, akaja kulelewa kwetu.

Hapo ndipo darasa lilipochafuka. Yuko msichana ambaye babu wa babu yake alitoka Gujarat. Mvulana mmoja akamgeukia: “Kumbe na wewe kunguru!” Wakacheka. Msichana akainamia daftari.

Nikasimamisha somo. Nikawauliza: nani aliagiza ndege wale? Kunguru anashtakiwa kwa kosa gani, kutoka mbali au kula mayai? Na huyo wa shingo ya kijivu aliyetagwa juu ya mwembe wetu, arudishwe wapi? Walibishana mpaka kengele ikalia, na mvulana yule hakusema neno tena.

Kazi ya nyumbani ikawa hii: leta majina ya ndege kutoka kwa wazee wako, usifungue kitabu. Wengi walileta mawili, matatu. Wengine walisema bibi yuko kijijini, simu haishiki. Msichana yule alileta ukurasa mzima kutoka kwa bibi yake, mzaliwa wa Unguja: chozi, shore, mnana, tetere, kwarara. Chozi, aliandika, ni yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayefyonza maua.

Tukatoka nje kumtafuta. Alikuwa kwenye maua mekundu ya uzio, karibu na ofisi ya mwalimu mkuu. Mvulana yule ndiye aliyemwona wa kwanza.