Willy Aliruka Ukuta, Keiko Akabaki Bwawani: Kwa Nini Free Willy Inawakera Wengine

Ukitaja Free Willy mbele ya watu waliokua miaka ya 90, wengi watatabasamu. Dogo aliyetelekezwa na mama yake, nyangumi mpweke, urafiki wao, halafu ile sini ya mwisho: nyangumi anaruka juu ya ukuta wa mawe, dogo kanyoosha mkono juu, muziki unapanda, watu wanalia.

Lakini wapo ambao sini hiyo ikifika wanabadilisha chaneli. Siyo kwamba wana roho ngumu. Tatizo ni kwamba wanaijua stori ya nyuma ya kamera.

Nyangumi aliyeigiza kama Willy aliitwa Keiko. Alikamatwa kwenye bahari ya Iceland mwaka 1979, akiwa bado mtoto wa miaka kama miwili. Akapelekwa Canada, halafu mwaka 1985 akauzwa kwenye bustani ya burudani jijini Mexico City. Huko aliwekwa kwenye bwawa dogo lenye maji ya uvuguvugu, yeye mnyama wa bahari ya baridi. Ngozi ikaota vidonda, pezi la mgongoni likalala. Muvi ikapigwa akiwa kwenye hali hiyo hiyo.

Na ule mruko maarufu? Hakuruka yeye bana. Yale yalikuwa maujanja ya sinema tu.

Mwaka 1993 muvi ikatoka na kuingiza zaidi ya dola milioni 100. Willy akawa huru kwenye skrini dunia nzima, Keiko akabaki anazunguka bwawani kama kawaida. Mwaka 1995 ikatoka hadi sehemu ya pili, na jamaa bado yuko Mexico!

Waliokuja kumtoa ni mashabiki. Habari za hali yake zilipoandikwa, watu wakakasirika, watoto wakachanga hela, mfuko ukaundwa. Januari 1996 akapandishwa ndege hadi Oregon, Marekani, kwenye bwawa kubwa lenye maji ya bahari. Akanenepa, ngozi ikapona. Mwaka 1998 akarudishwa Iceland, akawekwa kwenye kizimba baharini ili ajifunze upya kuwinda na kuishi na wenzake.

Hapo ndipo muvi inapoumbuka. Orca huishi kwa koo, na mtoto hujifunza kila kitu kwa mama na ndugu zake. Keiko alichukuliwa kabla hajamaliza shule hiyo. Mwaka 2002 aliwafuata nyangumi wa porini, kisha akavuka bahari peke yake hadi Norway. Alipofika, badala ya kutafuta wenzake, alitafuta watu. Watoto wakawa wanaogelea naye na kumpanda mgongoni, mpaka mamlaka zikapiga marufuku watu kumsogelea. Desemba 2003 akafa kwa nimonia, na hakuwahi kupata ukoo wa kuishi nao.

Wanaoitetea muvi nao wana pointi. Bila Free Willy, nani angemjua Keiko? Huenda angefia kwenye lile bwawa la Mexico. Angalau miaka yake mitano ya mwisho aliipata kwenye bahari halisi, ya baridi kama aliyozaliwa nayo.

Ni kweli. Ila wanaoichukia hawasemi muvi ni mbovu. Wanachosema ni kwamba ilimfundisha mtoto kuwa uhuru ni mruko mmoja tu: ukishavuka ukuta, mambo yameisha. Maisha ya Keiko yanaonyesha kwamba kufungua mlango ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kumrudishia mtu, au mnyama, familia na maisha uliyomnyang'anya akiwa mdogo. Yaliibiwa siku moja. Hela zote zile, ndege mbili na wataalamu kibao havikutosha kuyarudisha.

Kwa hiyo siku ikirushwa tena na ukamwona mtu anachukua rimoti dakika za mwisho, usimwite mnoko. Naye analia, ila anamlilia Keiko.

Wewe je, bado unaweza kuiangalia mpaka mwisho?