Uboreshaji wa tovuti kwa injini za utafutaji

Uboreshaji wa tovuti kwa injini za utafutaji ni kazi ya kuandaa tovuti na maandishi yake ili yatokee mapema katika orodha ya majibu ambayo injini ya utafutaji, kama vile Google au Bing, humpa mtu anayetafuta jambo fulani. Kazi hiyo hujulikana pia kwa kifupi cha Kiingereza SEO. Nafasi inayopatikana kwa njia hiyo hailipiwi kwa injini yenyewe. Biashara ikilipa ili tangazo lake liwekwe pamoja na majibu, huo huitwa utangazaji wa kulipia katika injini za utafutaji. Njia zote mbili ni sehemu ya masoko ya mtandaoni.

Faida kubwa ya njia hizi ni kwamba mtu anayetafuta tayari ana haja: anataka nyumba ya wageni, mbegu, vipuri au mnunuzi wa mazao. Hata hivyo injini haijui biashara yenyewe, inajua tu yale yaliyoandikwa juu yake. Kwa sababu hiyo biashara iliyoko mahali penye jina lenye maana nyingi, au inayotumia lugha yenye kurasa chache mtandaoni, inaweza isionekane hata kama ndiyo jibu sahihi.

Jinsi injini inavyofanya kazi

Injini ya utafutaji hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, programu maalumu hutembelea kurasa za mtandao zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, maneno ya kurasa hizo huwekwa katika faharasa kubwa, sawa na faharasa iliyoko mwishoni mwa kitabu. Tatu, mtu akiandika neno, injini huchagua kurasa kutoka katika faharasa hiyo na kuzipanga kwa kutazama mambo mengi: maneno yaliyomo, viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa, lugha, mahali alipo mtafutaji, na kadhalika.

Ukurasa ambao haujafikiwa na programu hizo hauwezi kuonekana katika majibu. Hali hiyo huwapata mara nyingi wenye tovuti mpya ambazo hakuna tovuti nyingine iliyoziunganisha.

Historia

Chombo cha kwanza cha kutafuta mafaili kwenye intaneti kiliitwa Archie. Kilitengenezwa mwaka 1990 na Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada. Mwaka 1994 ilianzishwa Yahoo!, iliyokuwa orodha ya tovuti zilizopangwa na watu kwa mada, na mwaka 1995 ikafuata AltaVista iliyotafuta ndani ya maandishi yote ya kurasa.

Injini za kwanza zilitegemea sana idadi ya mara neno lilipotajwa. Wenye tovuti walianza kurudia neno lilelile mara nyingi, wakati mwingine kwa herufi za rangi moja na mandharinyuma ili msomaji asizione. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walianzisha kampuni ya Google. Mbinu yao iliyoitwa PageRank ilihesabu kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kama kura, na kura ya tovuti yenye viungo vingi ilikuwa na uzito zaidi.

Matangazo ya kulipia yalianza kupata sura yake ya sasa mwaka huohuo wa 1998, pale kampuni ya GoTo.com ilipoanza kuuza nafasi za juu kwa mnada wa maneno. Google ilianzisha huduma yake ya AdWords mwaka 2000. Tangu mwaka 2018 inaitwa Google Ads.

Kazi za uboreshaji

Kazi za kawaida za kuboresha tovuti ni hizi:

- Kuchagua maneno ambayo wateja wenyewe hutumia. Mwenye duka anaweza kuandika "vifaa vya ujenzi", ilhali wateja wanatafuta "bei ya bati" au "saruji".
- Kuupa kila ukurasa kichwa kinachosema ni biashara gani na iko wapi.
- Kuandika maelezo kamili kwa maandishi. Bango lililopigwa picha na kuwekwa peke yake huipa injini habari chache kuliko maneno yaliyoandikwa.
- Kuhakikisha ukurasa unafunguka haraka kwenye simu. Tangu Aprili 2015 Google hutazama kama ukurasa unasomeka vizuri kwenye simu pale utafutaji unapofanywa kwa simu.
- Kupata viungo kutoka tovuti nyingine zinazoaminika, kwa mfano za vyama vya biashara, vyuo au magazeti.
- Kuandikisha biashara kwenye ramani za mtandaoni, huduma ambayo kwa Google hailipiwi.

Matokeo hayaji mara moja. Yanaweza kuchukua wiki au miezi, na hakuna mtu nje ya kampuni ya injini anayeweza kumhakikishia mteja nafasi ya kwanza.

Majina yenye maana nyingi: mfano wa Sola

Sola ni kata ya Wilaya ya Maswa katika Mkoa wa Simiyu, kaskazini mwa Tanzania. Jina lake linaonyesha tatizo la kawaida katika utafutaji. Kwa Kiswahili cha kila siku "sola" ni pia umeme unaotokana na jua pamoja na vifaa vyake. Vilevile Sola ni manispaa ya Norwei yenye uwanja wa ndege wa Stavanger. Anayeandika neno "Sola" pekee ana uwezekano mkubwa wa kuletewa paneli na betri kuliko kata hiyo.

Majina mengine ya eneo hilo yana hali kama hiyo. Simiyu ni jina la mkoa, la mto unaoingia Ziwa Viktoria, na pia jina la watu miongoni mwa Wabukusu wa magharibi mwa Kenya. Maswa ni wilaya, na pia ni jina la pori la akiba linalopakana na Hifadhi ya Serengeti. Pamba, zao kuu la biashara la mkoa huo, ni pia jina la klabu ya mpira ya Mwanza, na katika lugha ya mitaani ni mavazi ya kupendeza.

Dawa yake ni kuandika majina kwa pamoja. Maneno "mashine ya kukoboa mpunga, Sola, Maswa, Simiyu" huipa injini alama nne zinazothibitishana, na hapo maana ya umeme wa jua inaondoka.

Tatizo la pili linatokana na mabadiliko ya mipaka ya utawala. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi. Kabla ya hapo Maswa, Bariadi na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na eneo la Busega lilikuwa katika Mkoa wa Mwanza. Orodha za zamani mtandaoni bado zinaweza kuonyesha biashara ya Maswa kuwa iko Shinyanga. Injini inapokuta anwani mbili tofauti za biashara moja, inaweza kuzihesabu kuwa biashara mbili au kuipa kila moja uzito mdogo. Kwa hiyo jina, anwani na namba ya simu vinapaswa kufanana kila mahali, na maandishi ya zamani kusahihishwa inapowezekana. Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika Tanzania mwaka 2022 ilizipa barabara majina na nyumba namba, jambo linalosaidia kueleza mahali palipokuwa pakitajwa tu kwa alama kama "karibu na mnada" au "nyuma ya zahanati".

Utangazaji wa kulipia

Katika utangazaji wa kulipia, mwenye biashara huchagua maneno na kusema kiasi cha juu atakacholipa kila mtu anapobofya tangazo lake. Kila utafutaji unapofanyika, mnada huendeshwa kwa muda mfupi sana. Mwenye dau kubwa hapati nafasi ya juu kila mara, kwani injini hutazama pia kama tangazo linafaa kwa alichotafuta mtu na kama ukurasa wake una ubora.

Gharama huonekana kwa hesabu rahisi. Tuseme kubofya mara moja kunagharimu shilingi 200 na bajeti ya siku ni shilingi 10,000. Tangazo litabofywa mara 50. Wawili kati ya hao 50 wakinunua, kila mteja amegharimu shilingi 5,000. Kama faida ya bidhaa moja ni shilingi 3,000, tangazo linaleta hasara hata kama watembeleaji wanaongezeka.

Hapa jina lenye maana nyingi linakuwa suala la fedha. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga akilipia neno "Sola" bila masharti, tangazo lake linaweza kubofywa na wanaotafuta paneli, naye atalipa kwa kila mmoja. Kwa hiyo mifumo ya matangazo huruhusu kuweka maneno ya kuzuia, kwa mfano "paneli", "betri" na "taa", na pia kuchagua eneo ambalo tangazo litaonyeshwa.

Afrika Mashariki na lugha ya Kiswahili

Matumizi ya intaneti katika Afrika Mashariki yaliongezeka baada ya nyaya za baharini kufika, ukiwemo wa SEACOM uliozinduliwa Julai 2009 na kuunganisha Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kutafsiri. Mwishoni mwa mwaka huo ilianzisha pia shindano la wanafunzi wa Kenya na Tanzania la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, kwa kuwa injini haina cha kuonyesha katika lugha ambayo haina kurasa.

Septemba 2011 Google na washirika wake, wakiwemo Safaricom, walianza mradi wa kuziwezesha biashara ndogo za Kenya kupata tovuti. Januari 2012 kampuni ya Mocality, iliyokuwa na orodha ya biashara za Kenya, ilieleza hadharani kwamba wahusika wa mradi huo walikuwa wakitumia orodha yake kuwapigia simu wateja wake. Google ilikiri kosa na kuomba radhi. Tukio hilo lilionyesha thamani ya orodha sahihi ya biashara mahali ambapo biashara nyingi hazina tovuti.

Kiswahili kina masuala yake katika utafutaji. Umoja na wingi hutofautishwa mwanzoni mwa neno: "kitanda" na "vitanda", "mkulima" na "wakulima". Vitenzi hubeba viambishi vingi, kama "tunauza" na "wanaouza". Watu wengi pia huchanganya Kiswahili na Kiingereza katika utafutaji mmoja. Ukurasa ulioandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, ukitumia maumbo mbalimbali ya neno, una nafasi nzuri zaidi ya kupatikana. Na kwa kuwa washindani ni wachache, nafasi ya juu huweza kupatikana kwa kazi ndogo kuliko katika Kiingereza.

Mbinu zisizokubalika

Kununua viungo, kunakili kurasa za wengine, kuficha maneno na kuandika maoni ya uongo ni kinyume cha masharti ya injini. Adhabu yake ni kushushwa au kuondolewa katika majibu. Mwaka 2006 Google iliiondoa kwa muda tovuti ya BMW ya Ujerumani, na mwaka 2011 ilishusha kurasa za duka la JCPenney la Marekani kwa sababu ya viungo vya kulipiwa. Mabadiliko yaliyoitwa Panda mwaka 2011 na Penguin mwaka 2012 yalilenga kurasa duni na viungo vya hila.

Tangu mwaka 2005 kuna alama inayoiambia injini isihesabu kiungo fulani kama kura. Viungo vya nje vya Wikipedia hubeba alama hiyo, hivyo kuweka kiungo cha biashara ndani ya makala hakuipandishi tovuti.

Mipaka yake

Njia hizi hazifai kila biashara. Genge ambalo wateja wake wote ni majirani hupata faida ndogo, kwani hakuna anayelitafuta mtandaoni. Zinafaa zaidi pale mteja anapotoka mbali: nyumba ya wageni mjini Bariadi, kiwanda cha chaki cha Maswa au cha maziwa cha Meatu, mnunuzi wa pamba au fundi wa mashine za kilimo.

Tangu mwaka 2024 Google huonyesha pia muhtasari ulioandikwa na akili bandia juu ya majibu katika nchi mbalimbali. Msomaji anaweza kuridhika na muhtasari huo bila kufungua tovuti yoyote. Hata hivyo muhtasari nao hutegemea kurasa zilizoandikwa na watu, na mahali pasipoandikwa hapatajwi humo pia.

Tazama pia

- Injini ya utafutaji
- Intaneti
- Masoko
- Mkoa wa Simiyu
- Sola, Maswa