WITCH: bendi ya Kitwe na ngurumo ya Zamrock

WITCH ni bendi ya roki ya Zambia iliyoanzishwa mjini Kitwe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo inayotajwa kwanza kila yanapozungumzwa mambo ya Zamrock, muziki uliochanganya magitaa ya umeme yenye mkwaruzo, funki ya Marekani na midundo ya nyumbani. Jina hilo la muziki huhusishwa na mtangazaji Manasseh Phiri. WITCH ni ufupisho wa We Intend To Cause Havoc, yaani "tumedhamiria kuleta vurugu". Kikosi kilichovuma kilikuwa na watu sita: Emanuel Chanda, aliyejipa jina la Jagari kwa kumuenzi Mick Jagger wa Rolling Stones, aliongoza uimbaji, Chris Mbewe alicharaza gitaa la solo na John Muma la ridhimu, Gedeon Mulenga alishika besi, Paul Mumba kinanda, na Boidi Sinkala dramu.

Bila shaba bendi hii isingekuwepo. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, Kitwe na miji mingine ya Ukanda wa Shaba ilikuwa na mishahara ya migodini, kumbi za burudani za wachimbaji na vijana waliokuwa na uwezo wa kununua santuri za Uingereza. Watu walimiminika huko kutoka kaskazini. Jagari mwenyewe ni mtu wa kaskazini aliyelelewa Kitwe na kaka yake. Kutoka fukwe za Ziwa Mweru, kule Kafutuma, Kashikishi na Nchelenge, waliokwenda kutafuta kazi walipita njia ileile iliyopita mizigo ya samaki wakavu: kusini hadi Chembe, kuvuka Mto Luapula kwa pantoni, kukata kipande cha ardhi ya Kongo, kisha kuingia upande wa migodi. Daraja la Chembe lilikuja kujengwa baadaye sana, mwaka 2008.

Albamu ya kwanza, Introduction, ilitolewa na wanabendi wenyewe. Nakala zilikuwa chache, zikauzwa mkono kwa mkono kwenye maonyesho. Sauti yake ni ya bendi ya gereji: ngoma kavu, kinanda chembamba, na gitaa linalopita kwenye kifaa cha kukwaruza sauti, kile kinachokanyagwa kwa mguu, ambacho dunia ilikizoea baada ya Keith Richards wa Rolling Stones kukitumia mwaka 1965. In the Past, ya 1974, iliendeleza mwendo huohuo kwa ufundi zaidi.

Kilele ni Lazy Bones!! ya mwaka 1975. Hapa Mbewe haharakishi noti zake. Huliachia gitaa lilie, likwaruze, lijikunje kwa pedali ya wah-wah, huku besi ya Mulenga ikibaki palepale kama nguzo. Jagari anaimba kwa Kiingereza kwa sauti isiyojikaza, mara nyingine ikikaribia kumezwa na vyombo. Mwaka huohuo bendi ya Amanaz ilirekodi albamu ya Africa, iliyochanganywa kwa namna mbili: moja kavu, nyingine iliyojaa mwangwi hadi magitaa yanasikika kana kwamba yako nyuma ya ukuta. Mpenzi wa shoegaze, mtindo wa magitaa mazito ya ukungu uliozaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980, ataisikiliza rekodi hiyo na kujihisi yuko kwao, ingawa hakuna ushahidi kwamba waanzilishi wa mtindo huo waliwahi kuisikia.

Jukwaani WITCH ilikuwa kitu kingine. Maonyesho yalichukua saa nyingi, na Jagari alisifika kwa kurukaruka, hata kutoka kwenye roshani.

Katikati ya miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda, ambaye naye alikuwa mpiga gitaa, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Agizo hilo liliwapa wanamuziki wa nyumbani nafasi hewani na kuwasukuma watazame zaidi walikotoka. Lukombo Vibes (1976) na Witch (Including Janet) ya 1977 zina midundo ya kienyeji na lugha za Zambia kwa wingi kuliko albamu za mwanzo. Uhusiano na Afrika Mashariki pia ulikuwa wa karibu, kwani Nairobi ilikuwa na studio na mitambo ya santuri ambayo bendi za Zambia ziliitegemea. Safari ilikuwa ya pande mbili: Sunburst, bendi ya Dar es Salaam, ilitoa albamu yake ya Ave Africa nchini Zambia mwaka 1976.

Lakini bei ya shaba ilikuwa imeshaporomoka. Zambia iliyowahifadhi wapigania uhuru wa nchi jirani iliishi kwa tahadhari na amri za kutotoka nje usiku, na bendi zikalazimika kupiga mchana. Mwaka 1977 Jagari aliondoka, akageukia ualimu. Waliobaki walihamia kwenye disko na vinanda vya umeme: Movin' On (1980) na Kuomboka (1984), ambayo jina lake ni la sherehe kubwa ya Walozi. Ni albamu za kuchezeka, ila gitaa lile halimo.

Mkoani Luapula, wakati huohuo, mshindi alikuwa kalindula, muziki wa gitaa jepesi na besi ya kudunda, ukiongozwa na bendi kama Shalawambe ya Mansa. Agizo la Kaunda lilikuwa limeunufaisha muziki huo kuliko roki.

Kufikia mwanzoni mwa karne hii wenzake Jagari wa kikosi kile walikuwa wamefariki, wengi katika miaka ya janga la UKIMWI, naye akawa anachimba vito. Ufufuo ulitoka ng'ambo. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilizitoa upya albamu zao, na mwaka 2019 ikatoka filamu ya Gio Arlotta kuhusu bendi hiyo. Jagari alianza tena safari za muziki akiwa na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa enzi ya disko, pamoja na vijana wa Ulaya akiwemo Mholanzi Jacco Gardner. Albamu ya Zango ilitoka mwaka 2023 ikimshirikisha msanii Sampa the Great, na Sogolo ikafuata mwaka 2025.

Albamu hizi mpya ni nzuri, lakini asiyewahi kuisikia WITCH asianzie hapo. Aanze na Lazy Bones!!, na aipige kwenye spika kubwa. Simu haiwezi kuibeba besi ya Mulenga.